Picha ya Watu Elfu Sitini

Kabla ya kukabidhiwa mageti ya uwanja, Mama Mageti alisimamia jiko la shule ya bweni. Wanafunzi mia tisa, madirisha mawili ya kugawia chakula, dakika arobaini kabla ya kengele. Humo ndimo alimojifunza umati. Alijifunza kwamba mtu mmoja mwenye njaa husikiliza, watu kumi wenye njaa hubishana, na watu mia tisa wenye njaa ni maji: hawabishani wala hawasikilizi, wanatafuta tu penye mteremko. Alijifunza pia kwamba wa nyuma hajui kuwa wa mbele amebanwa. Wa nyuma anajua tu kwamba uji unaisha.

Kwa hiyo alipokuja kuwa mkuu wa mageti na njia katika uwanja mkubwa wa mpira, hakuna aliyethubutu kumbishia. Kuna mkubwa mmoja aliwahi kufika na msafara wa magari kumi na moja kwenye njia ya magari ya wagonjwa. Alirudishwa, yeye na magari yake yote, kinyumenyume, huku Mama Mageti akiwaongoza madereva kwa kidole kimoja.

Mtu mmoja tu alikuwa hamwogopi, naye ni mdogo wa mumewe.

Huyu Shemeji alikuwa mshereheshaji wa harusi. Mungu alimnyima urefu, akamfidia kwenye koo. Alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Akisema "karibuni mezani" hata walioshiba walisimama. Siku tatu kabla ya fainali ya kombe, mtangazaji wa kawaida wa uwanja aliamka sauti imekauka kabisa, anazungumza kwa kuandika kwenye daftari. Katibu wa uwanja alikumbuka harusi moja ambako Shemeji alimfanya baba wa bibi harusi, mtu mkali asiyecheka, acheze mpaka akapoteza miwani. Akampigia simu palepale. Mama Mageti alipopata habari, kazi ilikuwa imeshatolewa.

"Shemeji," alimwambia jioni ile ile, akiwa amesimama mlangoni kwake mkoba begani, "harusi ya watu mia mbili na uwanja wa watu elfu sitini si ndugu hata kidogo."

"Shemeji yangu, watu ni watu. Tofauti ni idadi ya sahani."

"Tofauti ni kwamba harusini ukikosea, watu wananuna."

Akatoa kwenye mkoba kadi ngumu nyeupe. Juu yake zilikuwa sentensi kumi na moja alizoziandika mwenyewe kwa herufi kubwa, kila moja na wakati wake wa kusomwa.

"Hizi. Usiongeze hata koma. Usitaje geti moja peke yake. Usiseme neno haraka. Usiseme neno bure. Na neno hatari lisikutoke mdomoni hata ukiona simba katikati ya uwanja."

"Nikimwona simba nisemeje?"

"Sema paka amepotea, mwenyewe amfuate taratibu."

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaisoma kadi kwa sauti yake ya asali, na Mama Mageti, ingawa hakutaka, alikiri moyoni kwamba hata maneno "tafadhali shika tiketi yako mkononi" yalisikika kama posa.

Siku ya fainali watu walianza kufika saa mbili asubuhi kwa mechi ya saa tisa alasiri. Mama Mageti alikuwa ameshafika tangu alfajiri. Alikagua vyoo, kimoja kimoja, kwa sababu alikuwa akisema uwanja huvurugika kwanza chooni ndipo ukavurugika getini. Alihakikisha mapipa ya maji yako mbali na ngazi. Alipanga vizuizi vya chuma kwa mtindo wa nyoka, ili watu watembee muda mrefu badala ya kusimama muda mrefu, maana mtu anayetembea anaamini anafika. Mpaka saa nane na nusu watu elfu sitini walikuwa wameketi, na waliopotea walikuwa watatu tu, mmoja wao mwamuzi wa akiba.

Shemeji alikuwa kwenye kibanda cha utangazaji, juu kabisa, milango miwili kutoka chumba cha uongozi alikokaa Mama Mageti na fundi wa kamera na mkuu wa askari aliyeitwa Afande. Alisoma sentensi ya kwanza. Akasoma ya pili. Mechi ikachezwa, ikaisha bila bao, ikaongezwa muda, ikaisha tena bila bao, ikaenda kwenye penalti. Mlinda mlango wa wenyeji alidaka ya mwisho kwa goti, pengine bila kukusudia, na uwanja ukalipuka. Kombe likakabidhiwa. Wachezaji wakazunguka nalo, wakaingia vyumbani kubadilisha nguo. Hapo ilikuwa zamu ya sentensi ya tisa.

"Jukwaa la kijani litangulie, kwa geti la kwanza na la pili," alisoma Shemeji. "Sisi wengine tuendelee kuimba."

Wakatii. Jukwaa la kijani likaanza kumiminika polepole, na majukwaa mengine matatu yakaimba. Fundi wa kamera akanyoosha miguu. Afande akafungua chupa ya maji. Mama Mageti alikuwa karibu kukaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Tatizo la Shemeji lilikuwa moja: aliona kazi imekwenda vizuri mno. Watu elfu sitini walikuwa wanamsikiliza, na kadi ilikuwa imebakiza sentensi mbili tu. Mtu wa mdomo kunyamaza ni adhabu. Asubuhi ile dereva wa basi la timu alikuwa amemdokezea mahali alipoegesha, na habari hiyo ilikuwa inamwasha ulimi mchana kutwa.

"Na msisahau, wapenzi," sauti ikasema, nzito, tamu, kutoka kila kona ya uwanja, "mabingwa wenu watatokea Geti la Tatu! Nendeni mkawape mikono!"

Mama Mageti hakukaa.

Geti la Tatu lilikuwa njia ya waandishi wa habari na wageni. Mlango wa kupitisha watu watatu kwa wakati, ngazi ishirini na mbili za kushuka, kona, kisha mlango wa nje. Kupitia kioo kirefu cha chumba cha uongozi aliuona uwanja ukiinama. Hakukuwa na kukimbia wala makelele, watu wengine walikuwa wanacheka na kubeba watoto mabegani. Lakini majukwaa yote matatu yalianza kwenda upande mmoja kwa pamoja, kama uji kwenye sufuria iliyoinamishwa.

"Nilifunge lile geti," alisema Afande, akainuka. "Niweke askari hamsini mlangoni."

"Ukilifunga, wa mbele watasimama na wa nyuma watazidi kuja. Hao hamsini wako ndio watakuwa wa kwanza kubanwa." Alikwisha kuchukua redio ya mkononi. "Kabati! Kabati, unanisikia?"

Kabati alikuwa msimamizi wa Geti la Tatu, golikipa wa zamani mwenye mabega yaliyompa jina.

"Nakusikia, mama. Nina watu kama mia tatu ngazini na kule juu mlangoni. Wana furaha. Lakini naona wameanza kugusana."

"Fungua milango yote miwili ya chini. Anayeshuka asisimame nje, aendelee kutembea. Basi la timu liko wapi?"

"Hapa hapa mlangoni. Watu wanalipapasa."

"Liondoke! Lipelekwe nyuma ya uwanja. Likibaki, kila atakayetoka atasimama kulishangaa, na nyuma yake kuna ngazi."

Kisha sauti ya Kabati, mbali na redio: "Dereva, sogeza basi." Sauti nyingine: "Sina ruhusa, mpaka meneja wa timu aniandikie." Sauti ya Kabati tena, ya upole wa kutisha: "Nipe mkono wako nikuandikie mimi." Injini ikawaka.

Mama Mageti alishaondoka. Alipita ile milango miwili mbiombio, yeye aliyekuwa akikataza wafanyakazi wake kukimbia mahali watu wanawaona. Alimkuta Shemeji amesimama mbele ya kipaza sauti, jasho linamtiririka mpaka kwenye tai. Alikuwa ameona. Hakuna aliyehitaji kumwambia. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye swichi.

"Nawaambia wasiende," alisema. "Nawaambia ni hatari."

Mama Mageti akakifunika kipaza sauti kwa kiganja. "Limeze hilo neno. Ukilisema watakimbia, na hakuna pa kukimbilia."

"Basi niseme nini? Shemeji, nimefanya nini mimi?"

"Utalia baadaye, nitakupa na leso. Sasa hivi fikiri. Nataka waache kwenda kule bila kuwaambia wasiende. Nataka wa nyuma wageuke kwanza, wa mbele watapata nafasi wenyewe. Kitu gani kitamfanya mtu mwenye furaha ageuke arudi kwenye kiti chake?"

Shemeji alifumba macho. Alipoyafumbua, alisema kwa sauti ndogo ambayo shemeji yake hakuwahi kuisikia.

"Harusini watu wakivamia chakula kabla ya wakati, huwa siwakatazi. Nawaita kwenye picha."

"Picha?"

"Hakuna binadamu anayekubali kukosekana kwenye picha, shemeji. Hata asiyempenda bwana harusi hurudi."

Mama Mageti alimtazama sekunde mbili nzima. Kisha akasema, "Ipigwe kweli. Umati ukidanganywa leo, kesho utawaambia moto unawaka, watakaa. Mpiga picha wa uwanja yuko wapi?"

"Pale chini, anafunga vifaa vyake."

"Sema. Wachezaji na mpiga picha niachie mimi. Na sema polepole."

Shemeji akafuta jasho kwa ncha ya tai, akavuta pumzi, akawasha swichi. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ile ya asali.

"Wapenzi wangu... mabingwa wamegoma. Wanasema hawaondoki. Wanasema hilo kombe haliendi popote mpaka wapige picha moja na kila mtu aliyeko hapa leo. Kila mtu! Wanarudi katikati ya uwanja sasa hivi. Mpiga picha anapanda juu. Ukiwa kwenye kiti chako, sura yako itaonekana. Ukiwa njiani, kitaonekana kisogo."

Mama Mageti alikuwa akiongea kwenye redio huku macho yake yako kwenye kioo. Ule uji ulisita. Ukatikisika. Kisha nyuma kabisa, juu ya jukwaa la njano, mwanamke mmoja mwenye kitambaa cha bluu kichwani aligeuka akaanza kupanda ngazi kurudi kwenye kiti chake, akimvuta mumewe mkono. Wakageuka wengine kumi. Wakageuka mia. Uwanja ukaanza kujirudishia watu wake, kuanzia nyuma.

"Mama," ilisema redio. "Wamepungua kule juu. Sasa naona ngazi. Nina ndala moja ya kike na bwana mmoja kategua kifundo cha mguu, daktari yuko naye. Anauliza kama atawahi picha."

Mama Mageti alishika ukingo wa dirisha.

Ilibaki kuipiga hiyo picha. Wachezaji hawakuwa na shida: walitoka vyumbani wengine na ndala, mmoja na taulo shingoni, na kombe. Shida ilikuwa mpiga picha. Njia pekee ya kupata jukwaa zima ilikuwa kupanda gari la mafundi wa taa, lile lenye kikapu cha kuinuka, na mpiga picha alikuwa anaogopa hata ngazi ya kubadilishia pazia. Mama Mageti alimpigia simu.

"Mwanangu, watu elfu sitini wanakusubiri wewe."

"Ndiyo maana naogopa, mama."

"Panda umefumba macho. Ukifika juu fumbua moja tu, si ndilo unalotumia kupigia?"

Akapanda. Kikapu kiliinuka polepole na uwanja mzima ukamshangilia kila mita. Walikubaliana apige jukwaa moja moja, baadaye aunganishe, na kila jukwaa likishapigwa ndilo liondoke, la bluu lenye Geti la Tatu liwe la mwisho. Hivyo ndivyo Mama Mageti alivyorudishiwa mpango wake ule ule wa kutoa watu, isipokuwa sasa watu wenyewe ndio waliokuwa wanausubiri.

Shemeji naye alikuwa amerudi nyumbani kwake, yaani kwenye kupanga watu kwa ajili ya picha. "Mzee mwenye kofia nyekundu, ivue, aliye nyuma yako naye ana mama yake." Kofia nyekundu elfu mbili zikavuliwa. "Yule anayekula, tafuna umalize." Taya zikasimama uwanja mzima. Mazoea yakamchukua. "Sasa wale wafupi waje mbe..."

Mama Mageti alimfinya mkono kwa nguvu.

"...wabaki palepale walipo," aliendelea Shemeji, machozi yakimlengalenga, "na wachangamke!"

Ilichukua dakika hamsini na tano. Jukwaa la kijani lilikuwa nusu tupu kwa sababu wengi walishaondoka, na waliosikia wakiwa nje waliomba kurudi, wakakataliwa. Jua lilikuwa limeshazama na taa za uwanja zinawaka mtu wa mwisho alipotoka, mzee mmoja aliyekuwa akitafuta kofia yake nyekundu kati ya nyingine mia nane zilizoachwa.

Uwanja ulipokuwa mtupu, Mama Mageti alimchukua Shemeji, akamshusha mpaka Geti la Tatu. Alimwacha ashuke zile ngazi peke yake. Shemeji alishuka akizihesabu kwa sauti, akafika ishirini na mbili, akasimama penye kona. Alinyoosha mikono, kiganja kimoja kiligusa ukuta huu, cha pili kikakaribia ule. Sakafuni palikuwa na ile ndala ya kike, kamba imekatika.

"Ungenionyesha hapa mapema," alisema.

Lilikuwa jambo la kweli, na Mama Mageti hakuwa mtu wa kukwepa jambo la kweli. Alikuwa amempa sentensi kumi na moja na makatazo matano, lakini hakumwambia sababu ya hata moja. Alimchukulia kama dirisha la kugawia uji: fungua, funga.

"Kweli," alisema. "Hilo ni kosa langu. Lako ni mdomo."

"Langu ni mdomo," alikubali Shemeji, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

Kwenye kikao cha Jumatatu Katibu aliwapongeza wote. Alisema wazo la picha lilikuwa la kisasa sana, akauliza lilikuwa ukurasa wa ngapi wa mpango. Wengine wangejibu ukurasa wa thelathini na kuondoka na sifa. Mama Mageti alisimama akaeleza kila kitu kilivyokuwa, tangazo, ngazi, kosa la shemeji yake na kosa lake mwenyewe. Katibu akaagiza chai. Ikaamuliwa kwamba tangu siku hiyo kila mtangazaji atatembezwa mageti yote kabla ya kugusa kipaza sauti, na kwamba Geti la Tatu litapanuliwa. Shemeji aliruhusiwa kubaki na kazi, kwa kura tano kwa nne. Kura ya tano ilikuwa ya Mama Mageti, na mpaka leo anasema aliinua mkono kuomba sukari.

Picha iliunganishwa, ikachapwa ndefu kama ukuta, ikatundikwa kwenye ukumbi wa ofisi za uwanja. Hapo balaa jipya likaanza. Watu walikuja kujitafuta. Siku ya kwanza walikuja ishirini, siku ya nne walijaa mpaka kituo cha basi, kila mmoja anataka kusogea, kuonyesha kidole, kumpigia simu nduguye. Mama Mageti alivuta vizuizi vyake, akawapanga mtindo wa nyoka, dakika mbili kila mtu, kuingia mlango wa kulia, kutoka wa kushoto.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, bibi mmoja mwenye fimbo na miwani minene aliupita mstari wote bila kutazama pembeni, akaingia kwa mlango wa kutokea. Watu wakaguna. Msimamizi mmoja mwenye kizibao cha njano akamkimbilia, kisha akamwona Mama Mageti, mwanamke aliyerudisha magari kumi na moja kinyumenyume, amepiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa mama mkwe wake, mama mzazi wa mumewe na wa mwenye ile sauti. Siku ya fainali alikuwa jukwaa la bluu, amekwenda kumsikiliza mwanawe, hakumwambia mtu. "Nionyeshe nilipo."

Walimtafuta pamoja, safu kwa safu, mstari mzima ukisubiri. Walimpata nyuma ya mtu aliyeshikilia kofia kifuani, amevaa kanga mpya na ameinua fimbo juu. Bibi alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Akatazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nimefumba macho," alisema.

"Umependeza hivyo hivyo, mama."

"Nimefumba macho, mwanangu." Akageuka, akaegemea fimbo yake, akautazama ule mstari kisha mkwe wake, kama mtu anayeomba jambo dogo tu. "Mwambie mdogo wa mumeo awaite wote warudi."